Manispaa Isiyo na Mfuko Wake

Mkebe wangu wa risiti zamani ulikuwa wa biskuti. Humo mna leseni za duka za kila mwaka, ada ya taka, ada ya zimamoto na ada ya bango. Bango lenyewe ni jina la duka lililoandikwa kwa rangi juu ya mlango. Risiti za mwanzo ni za karatasi nyembamba na wino wake umeshafifia. Za miaka ya karibuni ni ujumbe wa simu, nami huuchapisha kwa kijana mwenye kompyuta hapo jirani ili nipate cha kushika mkononi nikiulizwa. Duka ni dogo, la vitambaa na nyuzi, na cherehani mbili barazani, katika mtaa wa soko la zamani hapa Malindi. Sijawahi kuanza mwaka bila leseni. Natanguliza hilo ili msomaji ajue kwamba anayezungumza ni mtu aliyelipa.

Mbele ya duka pana mtaro. Umefunikwa kwa mabamba ya zege, na mabamba mawili yamevunjika siku nyingi. Ukiinama ukachungulia penye tundu, unaona mchanga umejaa mpaka umebaki kiasi cha shubiri moja kufika kwenye bamba, na ndani ya mchanga zimekwama chupa za maji, vifuu vya nazi, kandambili na matambara. Masika ikipiga saa moja tu, maji hayana pa kupita. Hupanda kidato cha kwanza, kisha cha pili, kisha huingia. Ukutani ndani ya duka pana mstari wa rangi ya udongo, kimo cha goti, alama ya masika iliyopita. Usiku ule mimi na fundi wangu tulikuwa tukipandisha majora ya vitambaa juu ya kabati gizani, kwa mwanga wa simu, na majora mawili yaliyokuwa chini kabisa hatukuyawahi. Yalikuwa poplini nyeupe, ya sare za shule.

Nikaenda kuuliza. Sikugombana na mtu. Niliuliza kama anavyouliza mteja aliyetoa pesa na bidhaa yake haijafika. Afisa aliyenipokea alikuwa na adabu zake. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mzee, mtaro wako tunaujua. Pesa hazijatoka."

Jibu hilo naliamini. Sikuona uso wa mtu anayedanganya. Lakini njiani nikirudi nilijiuliza: zile nilizolipa mimi mwezi wa kwanza zilikwenda wapi, hata sasa ziwe za kungojewa zitoke? Zitoke wapi, na nani azitoe? Nimetumia miezi kadhaa kufuatilia swali hilo kwa kusoma sheria na taarifa za serikali, na ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata.

Wenye umri wangu tunalikumbuka Baraza la Manispaa ya Malindi. Lilikuwa na meya, lilikuwa na madiwani, na lilikuwa na mfuko. Leseni, ushuru wa soko, kodi ya viwanja na ada za maegesho ziliingia humo, na kutoka serikali kuu ulikuja mgao wa mabaraza, ule uliowekwa kwa sheria ya 1998, asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima. Sitaki kulipamba baraza lile. Mabaraza 175 yaliyokuwapo nchini yalijulikana kwa madeni, kwa mishahara iliyochelewa, na kwa wafanyakazi waliopachikwa kazini kwa undugu na kwa kura. Walioyalilia yalipokufa hawakuwa wengi. Hata hivyo mtaro ukiziba ulijua mlango wa kubisha, na aliyekufungulia hakuweza kukwambia kwamba pesa ziko mji mwingine. Diwani alikuwa akiishi hapa hapa, akipita njia hiyo hiyo yenye maji.

Uchaguzi wa Machi 2013 ulipoleta serikali za kaunti, mabaraza yote yalivunjwa. Malindi ikawa sehemu ya Kaunti ya Kilifi, yenye wadi 35 na, kwa hesabu ya watu ya 2019, wakazi 1,453,787. Makao makuu ni Kilifi mjini, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka hapa. Taka, mitaro, taa za barabarani, masoko, leseni na maegesho, vyote vilihamia kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Na mfuko nao ukahama.

Ibara ya 207 ya Katiba inasema kwamba fedha zote zinazokusanywa au kupokewa na kaunti ziingie katika Mfuko mmoja wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa kando kwa sheria ya Bunge, na hazitoki humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Basi ifuate shilingi yangu. Naituma kwa simu nikiwa nimekaa nyuma ya cherehani. Inaingia katika mfuko huo pamoja na shilingi ya Mtwapa, ya Watamu, ya Mariakani na ya Marafa, na pamoja na mgao wa taifa, ambao kwa Kilifi umekuwa zaidi ya Sh11 bilioni kwa mwaka tangu mwaka wa fedha ulioanza Julai 2021. Ikishafika humo haina jina tena. Hakuna kinachoonyesha kwamba ilitolewa kwa ajili ya kuzoa taka za mtaa wa soko la zamani. Ikitoka, inatoka kwa ombi la hazina ya kaunti, kupitia idara, kwa mpango wa mwaka, na katika foleni hiyo mishahara ndiyo inayotangulia. Mgao wa taifa ukichelewa kutoka Nairobi, na huchelewa karibu kila mwaka, kila kitu kilichoko nyuma ya mishahara kinasimama. Mtaro wangu uko nyuma kabisa. Ndiyo maana yule afisa alisema kweli.

Waliotunga kanuni ya mfuko mmoja walikuwa na sababu nzuri. Zamani karani angeweza kukusanya asubuhi na kutumia mchana, na mwisho wa mwezi hapana hesabu ya kukagua. Kuzipeleka fedha zote mahali pamoja kuliziba tundu hilo, nami nakubali. Tatizo liko kwingine: tumezitia kodi na ada katika chungu kimoja, na tumesahau kwamba ni vitu viwili.

Katiba yenyewe inavitenga. Ibara ya 209 inaipa kaunti kodi ya viwanja na kodi ya burudani, na katika kifungu kinachofuata inaziruhusu serikali kutoza malipo kwa huduma zinazotoa. Kodi ni mchango wa wote kwa haja za wote. Hulipi ukangoja kitu mkononi. Ada ni bei ya kitu. Dereva wa tuktuk anayenunua stika ya mwezi ananunua nafasi ya kuegesha. Akiisha kulipa akakuta stendi yake ni dimbwi la matope, amenunua kitu ambacho hakikuletwa. Ingekuwa ni kodi, ungeweza kumwambia kwamba pesa yake imejenga zahanati Ganze, na akiwa mtu mzima mwenye moyo angeridhika. Kwa ada huwezi kumwambia hivyo. Alitozwa kwa jina la kuegesha.

Ganze naitaja kwa makusudi, kwa sababu kila mara mtu wa Malindi anapozungumza juu ya mapato ya mji huambiwa ni mchoyo. Sisi tuna hoteli, tuna bahari na tuna wageni. Wenzetu wa bara ya kaunti hii wana ukame. Ningeona haya kuandika kwamba kila kinachokusanywa Malindi kibaki Malindi. Mvua ikikataa huko Bamba na mtoto anakwenda shule hajala, yeye atangulie kabla ya mtaro wangu. Mgao wa taifa wote ugawanywe kwa haja, na kodi ya viwanja vilevile, hata ile ya hoteli za hapa. Lakini ada ya taka ya mtaa wa soko si mchango wa Bamba. Taka zangu haziko Bamba, ziko mlangoni kwangu, na zisipozolewa zinaingia mtaroni, na mtaro ukijaa gharama ya kuuchimbua inakuwa kubwa mara kadhaa kuliko ile ada niliyotoa.

Utaniambia: kwani manispaa si imerudi? Imerudi, kwa jina. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ilipitishwa 2011, ikakaa miaka mingi bila kutumika katika sehemu kubwa ya nchi, kwa kuwa magavana wapya hawakuwa na haraka ya kugawana madaraka na mji wowote. Kilichoiamsha ni KUSP, mradi wa kusaidia miji ya Kenya uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao kuanzia miaka ya 2017 na 2018 uliandaliwa kwa ajili ya miji 59 katika kaunti 45. Sharti lake lilikuwa kwamba mji uwe na hati ya manispaa, bodi na meneja. Hapo ndipo hati zilipotolewa kwa kasi na bodi zikateuliwa nchi nzima. Mradi wenyewe siupingi. Katika miji mingi umejenga barabara, taa na mitaro ya maji ya mvua ambayo watu wanaitumia hadi leo. Ninachokiona ni kwamba manispaa hizi ziliundwa kumtimizia mfadhili masharti yake, na kazi ya kumjibu mkazi haikuwa miongoni mwa masharti hayo. Wajumbe wa bodi hatuwapigii kura kama tulivyowapigia madiwani. Bodi haitungi ada. Hutungwa katika Mswada wa Fedha wa kaunti kila mwaka. Nayo inaendeshwa kwa kile ambacho bunge la kaunti limeitengea mwaka huo, kingi au kidogo, bila uhusiano wowote na kiasi ambacho mji wenyewe umetoa.

Nikisema ada irudi kwa bodi ya mji, jibu ninalopewa ni kwamba sheria hairuhusu. Hebu tuangalie hospitali. Kwa miaka kadhaa baada ya ugatuzi, mgonjwa alilipa dirishani, pesa zikaenda katika mfuko wa kaunti, na hospitali iliyozikusanya ikakaa inangoja zirudi, na muuguzi hana glavu. Kila aliyelazwa au kuuguza mtu anaikumbuka hali ile: unapewa karatasi ukanunue sindano na pamba duka la dawa la nje. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kuviwezesha vituo vya afya vya umma kubaki na kile vinachokusanya na kukitumia hapo hapo, kwa bajeti iliyoidhinishwa na kwa ukaguzi. Lile neno "isipokuwa" la Ibara ya 207 ndilo lililofungua njia hiyo. Sasa mtoe mgonjwa umweke mwenye duka, toa glavu uweke koleo la kuchotea mchanga mtaroni. Hoja haibadiliki hata kidogo. Kama hospitali imeaminiwa kushika pesa ya dirishani, bodi ya mji nayo inaweza kuaminiwa na pesa ya taka, ya soko na ya maegesho, ikikaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali kama wengine.

Tuje kwa wanaolipa. Asubuhi moja mwezi uliopita nilikaa kando ya mama mmoja aliyenizidi umri, anauza mtsunga, mnavu na mafungu ya muhogo nje ya soko. Anatoka Ganda, na saa kumi na mbili alikuwa keshapanga bidhaa yake juu ya gunia. Mkusanyaji wa ushuru alimfikia kabla hajauza fungu la kwanza. Akafungua pindo la leso, akahesabu, akampa, akapokea tikiti, akaikunja pamoja na tikiti nyingine za wiki hiyo, akalifunga tena pindo.

"Umeshauza ngapi, mama?" nikamwuliza.

"Bado, mwanangu. Hiyo niliyompa ni nauli yangu ya kurudi. Sasa ni lazima niuze."

Aliinama akanyunyizia mboga maji kutoka kwenye kopo. Choo cha soko kilicho hatua thelathini kutoka alipokaa anakilipia mbali. Kivuli alichokaa chini yake ni mwavuli wake mwenyewe.

Chukua mfano wa ushuru wa Sh50 kwa siku. Kwa siku 300 ni Sh15,000 kwa mwaka, kwa mtu ambaye bidhaa yake yote ya kutwa inaenea katika gunia moja. Hakuna anayemtumia barua ya kumkumbusha, hakuna anayempa siku thelathini. Asipolipa, gunia linainuliwa.

Sasa mtazame mwenye kiwanja cha ufukweni. Kwa miaka mingi kodi ya viwanja katika miji yetu imetozwa zaidi juu ya thamani ya ardhi tupu, jengo halihesabiwi, na kwa madaftari ya uthamini ambayo katika kaunti nyingi yana miongo kadhaa. Jumba la ghorofa tatu lenye bwawa la kuogelea na uwanja wa kichaka ulio jirani yake, vikiwa na ukubwa mmoja, hulipa karibu sawa, na vyote viwili hulipa kwa bei ya ardhi ya zamani. Wenye majumba wengine wanaishi ng'ambo na wanakuja hapa mara moja kwa mwaka. Asiyelipa hukaa akangoja, kwa kuwa anajua baada ya miaka michache utatangazwa msamaha wa riba. Kaunti nyingi zimeutangaza tangu ugatuzi uanze, tena zaidi ya mara moja. Anayelipa kwa wakati ndiye anayepata hasara. Yule mama wa Ganda, aliyelipa kila siku ya kazi ya maisha yake, hajatangaziwa msamaha wa siku moja.

Na hapa Malindi tuna jambo jingine ambalo mgeni halielewi upesi. Wengi wetu tuna nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, mabati au makuti ni yako, lakini kiwanja ni cha mwingine na unamlipa kodi ya ardhi, baba yako alimlipa baba yake. Mambo haya yanatokana na hatimiliki zilizotolewa Pwani chini ya sheria ya 1908, zilizowapa wachache maeneo yaliyokuwa yakikaliwa na wengi. Mwenye nyumba ya namna hiyo haonekani katika daftari la uthamini. Anaonekana tu anapotoka kwenda kuuza kitu, anapoendesha tuktuk, anapofungua kibanda. Kwa hivyo njia rahisi ya kumfikia imekuwa ni tikiti ya soko na stika, na njia hiyo imepanuliwa kila mwaka kwa sababu hiyo hiyo ya urahisi.

Desemba 2024 ilitiwa saini sheria mpya ya kitaifa ya kodi ya viwanja, badala ya zile mbili zilizorithiwa kutoka enzi za ukoloni na miaka ya uhuru. Nafasi ya kuthamini upya ipo sasa kuliko wakati wowote. Kazi hiyo ni ghali, inahitaji wathamini, ramani na uvumilivu, na itawaudhi watu wenye mawakili. Nadhani ndiyo kazi ya kwanza ambayo kaunti yoyote ya Pwani ingepaswa kuifanya kabla ya kuongeza hata shilingi tano kwenye ushuru wa karai la embe. Nami niko tayari kodi yangu ipande kama ya mwenye jumba itapanda kwa kipimo kile kile.

Kuhusu matumizi sitarefusha, kwa kuwa yameandikwa na wanaoona vitabu vyote. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Taarifa za Msimamizi wa Bajeti, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma kaunti kwa kaunti, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kaunti nyingi hazifiki lengo la kwanza na zinavuka la pili, na kwamba safari na posho za vikao zinapata fedha mapema wakati miradi ikingoja robo ya mwisho ya mwaka.

Ila madeni ya wakandarasi nitayataja kidogo, kwa maana yanaugusa mtaro wangu. Juni 2023 kaunti zote 47 zilikuwa zikidaiwa zaidi ya Sh160 bilioni na watu waliozijengea au kuziuzia bidhaa. Rafiki yangu mmoja alisambaza kokoto na saruji kwa kazi ya umma, akangoja malipo, akauza lori lake la pili ili amalize mkopo wa benki. Siku hizi akiombwa bei na afisi yoyote ya umma, anaandika bei tofauti na anayonipa mimi. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba anayelipwa baada ya miaka mitatu ni lazima aitie miaka mitatu hiyo ndani ya bei. Wenye mitaji midogo wameacha kabisa kuomba zabuni, wamebaki wanaoweza kungoja, na wanaoweza kungoja wanajua kwamba hawana mshindani. Kwa hiyo mita moja ya mtaro wa umma inagharimu zaidi ya ile ambayo mimi na majirani tungechimba kwa kuchanga. Gharama hiyo ya kuchelewa haiandikwi popote katika bajeti, lakini sisi ndio tunaoilipa.

Nilihudhuria pia kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti. Sheria inataka makadirio yafike bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hivyo vikao huja kwa haraka, na tangazo huonekana siku chache kabla. Ukumbi ulijaa. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kurasa mamia, na nakala zilikuwa chache mno kwa watu wale wote. Aliyekaa karibu na nakala aliinamiwa na wengine watano. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mama anayelipa ushuru kila siku ana haki ya kusomewa bajeti kwa lugha anayonunulia na kuuzia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na hukumu hiyo inasomeka mpaka leo kama onyo kwa kaunti zote.

Katika kitabu kile nilitafuta neno Malindi. Nililiona katika majina ya miradi na ya wadi. Sikuona mahali palipoandikwa mji huu umekusanya kiasi gani cha leseni, soko, taka na maegesho, na palipoandikwa, safu ya pili yake, kiasi kilichotumiwa hapa kwa huduma hizo hizo. Watu walisimama mmoja mmoja wakaomba basari, maji na barabara, wakashukuru, wakakaa. Hakuna aliyeuliza juu ya mapato, kwa sababu kitabu hakina safu hiyo, na ni vigumu kuuliza juu ya kitu ambacho hakikuwekwa mbele yako. Na hesabu yenyewe haiwezi kuwa ngumu. Ninapolipa kwa simu, ujumbe unaonirudia una jina la duka, wadi na aina ya malipo. Kompyuta iliyoandika ujumbe huo inaweza pia kuzijumlisha kwa wadi.

Wiki mbili zilizopita niliandika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaipa afisi ya umma siku 21 kujibu. Niliiandika kwa Kiswahili, nikaipeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Ina maswali matatu tu. Katika mwaka wa fedha uliopita, mji wa Malindi ulikusanya kiasi gani kwa ada za taka, soko na maegesho, na kiasi gani kilitumiwa hapa kwa huduma hizo? Ni viwanja vingapi vya wadi za Malindi Mjini na Shella vinavyodaiwa kodi ya zaidi ya miaka mitatu, na kwa jumla ya kiasi gani? Na lile baraza la wakazi ambalo sheria ya miji ya 2011 inataka tukutane humo na kutoa mapendekezo yetu, litaitishwa tarehe ngapi, na wapi?

Sikuuliza juu ya mtaro wangu. Majibu ya hayo matatu yakija, suala la mtaro litajibika lenyewe, pamoja na la stendi ya tuktuk na la choo cha soko. Siku 21 zinatimia Ijumaa ijayo. Tayari wenzangu wawili wa mtaa huu wameomba nakala ya barua ili waandike zao, mmoja kuhusu taa za njia ya msikitini ambazo zimezimika, mwingine kuhusu jaa lililosogea mpaka ukuta wa nyumba yake.